Mkono Usitangulie Akili

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Baba mmoja alikuja kwenye dispanseri hapa Lubudi, mkono unavuja damu. Ajali ya kazi? Hapana. Alitoka kazi ya usiku, akakuta maji ya kuoga hayajachotwa, akapiga kioo cha dirisha ngumi. Nilipokuwa nikimshona aliniambia: «Muganga, sikutaka. Mkono ulitangulia.»

Kila mtu hukasirika. Lakini kama mara nyingi unavunja vitu ao unapiga watu kwa jambo dogo, kisha unajuta, pengine ni ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya OMS, inayotumika tangu 2022, inautaja pamoja na ule wa kushindwa kujizuia kuiba na ule wa kushindwa kujizuia kuchoma moto. Si uchawi.

Yoga, mazoezi ya kale ya India, inaweza kukusaidia. Huko Nairobi, tangu 2007, chama cha Africa Yoga Project kinaifundisha vijana wa mitaa. Haikuombi ubadili dini, wala haitaki pesa. Inataka mkeka na dakika tano.

Fanya hivi kila siku, asubuhi ao jioni:

1. Kaa juu ya mkeka, mgongo wima, mabega yalegee.
2. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 4. Itoe polepole ukihesabu 6. Rudia mara 10. Usibane pumzi.
3. Piga magoti, kalia visigino, inama mpaka paji la uso liguse mkeka. Pumua kwa utulivu. Magoti yakiuma, acha.

Unapotoa hewa polepole, moyo unapunguza mbio na misuli inalegea. Hapo unapata nafasi ya kufikiri kabla ya kutenda. Usingoje siku ya ugomvi: mwili uliozoezwa ndio unaokumbuka.

Kazini, hasira ikipanda, simamisha mashine kwanza, jitenge, ndipo upumue. Usifumbe macho mahali pa hatari. Nyumbani, mama, ukiona baba ameketi kupumua, mwachie nafasi. Watoto nao wafanye pamoja naye.

Yoga haichukui nafasi ya muganga. Kama umekwisha kuumiza mtu, ao pombe inachochea hasira, njoo dispanseri. Hatutakucheka. Naye mama anayepigwa asingoje yoga: aondoke na watoto mahali pa hatari, aombe msaada siku ile ile.

Kidonda cha kioo kinashonwa. Moyo wa mtoto aliyeogopeshwa na baba yake, hatuna uzi wa kuushona.

Pumzi kwanza!