Bima ya Motokaa na Maana ya Maneno Yake

Katika nchi ya Shinyanga na Geita motokaa si kitu cha ajabu tena. Malori yenye mizigo hupita usiku na mchana katika barabara za Tinde, Isaka na Kahama. Magari madogo ambayo watu wa huko huyaita michomoko huchukua abiria hata Katoro na Geita, na pikipiki za bodaboda huingia mpaka vijiji vya wachimbaji wadogo. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, magari yatokayo Mwanza kwenda Geita hayangoji kivuko tena. Na katika njia hizo hizo wamo watoto waendao shule, ng'ombe waendao mnadani, na akina mama wenye mizigo kichwani. Palipo na mwendo wa namna hiyo, ajali haikosi kutokea.

Wazee wetu walisema kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo ni kweli; lakini hasara itokanayo na ajali ina kinga yake, nayo ndiyo bima. Watu wengi huilipia bila kujua maana ya maneno yaliyoandikwa katika hati yake, na siku ya msiba huambiwa kwamba jambo lao halimo. Kwa hiyo twataka kuyaeleza maneno hayo, moja baada ya jingine.

Kwanza, bima yenyewe. Mfano wake ni chama cha kuzikana, ambacho kila mwanakijiji anakijua. Kila mtu hutoa fedha kidogo, na yule aliyefiwa husaidiwa kwa fedha za wote. Hakuna ajuaye ni nani atakayefiwa mwaka huu, wala asiyefiwa hadai kurudishiwa mchango wake, maana alichonunua ni salama ya moyo. Bima ni hivyo hivyo, ila badala ya wanakijiji pana kampuni, na badala ya ahadi ya mdomo pana mkataba ulioandikwa.

Mkataba huo huitwa hati ya bima. Fedha anayotoa mwenye gari ili apate hati huitwa ada ya bima. Fedha ambayo kampuni hutoa baada ya hasara huitwa fidia, na maombi ya kulipwa fidia huitwa madai. Wakala ni mtu anayeuza hati kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima naye humtumikia mnunuzi, akimtafutia kampuni inayomfaa.

Sasa tuje kwa neno linalowatatiza watu kuliko yote, yaani mtu wa tatu. Katika mkataba wa bima mtu wa kwanza ni mwenye gari, na wa pili ni kampuni. Mtu wa tatu ni yeyote mwingine ambaye gari limemdhuru: mwenda kwa miguu aliyegongwa, mwendesha baiskeli aliyevunjwa mguu, au mwenye gari jingine lililogongwa. Huyu hakutia sahihi yoyote wala hakulipa hata senti moja. Lakini bima imewekwa hasa kwa ajili yake.

Kwa sababu hiyo Serikali haikuliacha jambo hili kuwa hiari ya mtu. Uingereza iliweka sheria ya namna hii mwaka 1930, na huku kwetu Sheria ya Bima ya Magari, sura ya 169, hukataza gari kutembea barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Maana yake ni rahisi kufahamu. Mkulima akigongwa na lori akapoteza mguu, huenda mwenye lori asiwe na mali ya kumlipa. Hata mahakama ikimpa haki, haki hiyo itabaki katika karatasi tu. Lakini lori likiwa na bima, pana kampuni yenye uwezo wa kulipa.

Bima hiyo ya mtu wa tatu watu huiita bima ndogo. Fahamuni vema mpaka wake: hailipi gari la mwenye bima. Likipinduka lenyewe, likiibwa, au likiteketea kwa moto, mwenyewe atabeba hasara yote. Tena sheria hutazama hasa kifo na majeraha ya mtu wa tatu. Mali yake, kama vile nyumba au ng'ombe, kwa kawaida huingizwa katika hati, lakini kwa kiasi kilichoandikwa humo. Bima kubwa ndiyo iliyo na yote mawili: humlipa mtu wa tatu, na pia hulipa hasara ya gari lenyewe kwa ajali, wizi au moto. Kati ya hizo mbili ipo bima ya mtu wa tatu, moto na wizi. Hiyo haimlipi mwenye gari kwa gari lililogongwa.

Ada ya bima kubwa hukadiriwa kwa kufuata thamani ya gari. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 20,000,000, na kiwango ni asilimia 3.5. Ada yake itakuwa shilingi 700,000 kabla ya kodi. Wako watu wanaotaja thamani ndogo ili walipe ada ndogo. Hao hujidanganya wenyewe, kwa kuwa kampuni hailipi zaidi ya thamani iliyoandikwa. Wengine hutaja thamani kubwa, wakidhani watapata faida gari likiibwa. Nao hujidanganya, kwa kuwa kampuni hutazama bei ya gari siku ya hasara. Fidia humrudisha mtu mahali alipokuwa; haikuwekwa ili kumtajirisha.

Liko fungu ambalo mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila madai, nalo huandikwa katika hati. Tuseme fungu hilo ni asilimia 10, na matengenezo ya gari ni shilingi 4,000,000. Mwenye gari atatoa shilingi 400,000, na kampuni 3,600,000. Fungu hili huwafanya wenye magari kuwa waangalifu, tena huzuia madai madogo madogo ya kila siku. Kwa upande mwingine, mtu amalizaye mwaka bila kudai huweza kupewa punguzo la ada mwaka unaofuata.

Gari likiharibika hata gharama ya kulitengeneza ikawa haina faida, husemwa kwamba limekufa. Kampuni ikilipa thamani yake, mabaki huwa mali ya kampuni, isipokuwa mmepatana vingine. Na kama kosa lilikuwa la mtu mwingine, kampuni iliyokulipa huingia mahali pako kumdai mkosaji huyo. Huwezi kulipwa na kampuni, kisha ukalipwa tena na mkosaji kwa hasara ile ile moja.

Neno jingine zito ni matumizi. Kila hati husema gari litatumiwa kwa kazi gani: ya nyumbani, ya kuchukua mizigo, au ya abiria wa nauli. Hapo ndipo penye hatari kubwa katika nchi yetu hii ya machimbo. Mtu hununua bima ya gari la nyumbani, ambayo ada yake ni nafuu, kisha asubuhi anapakia abiria wa nauli kwenda machimboni. Siku ya ajali kampuni itauliza gari lilikuwa likifanya nini, na ikiona matumizi si yale yaliyoandikwa, yaweza kukataa madai yake. Na abiria wake, waliotoa nauli wakidhani wamo katika kinga, hujikuta katika shida ya kutafuta haki yao. Mambo ni hayo hayo kwa dereva asiye na leseni ya gari analoliendesha, au aliyelewa.

Kwa ajili hiyo husemwa kwamba bima ni mkataba wa uaminifu. Kampuni hailioni gari lako kila siku. Huamini maneno uliyoandika katika fomu. Ukificha jambo kubwa, kama vile ajali zilizopita au kazi ya gari, umeutoboa mtumbwi utakaokuvusha. Lakini yako masharti ambayo kampuni haiwezi kuyatumia ili kumnyima mtu wa tatu aliyeumia: hapo kampuni humlipa kwanza, kisha humgeukia mwenye gari imdai.

Tueleze pia ni nani msimamizi wa kazi hii. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na tangu 1967 likashika biashara yote ya bima Tanzania Bara. Baada ya sheria ya 1996 kampuni za watu binafsi ziliruhusiwa tena, na leo ziko nyingi. Msimamizi wao ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iitwayo TIRA. Kwa kuwa walaghai waliwahi kuuza stika za bandia, mamlaka hiyo imeweka njia ya kuchunguza bima ya gari katika mtandao wake. Basi mnunuzi asiridhike na karatasi nzuri tu. Na aichunguze bima yake siku ile ile anapolipa.

Siku ya ajali, waliojeruhiwa na waangaliwe kwanza, kisha polisi waitwe, maana taarifa ya polisi ndiyo msingi wa madai. Andikeni namba za magari yote na majina ya mashahidi. Mwenye gari na aiarifu kampuni yake bila kukawia, wala asikubali kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuongea nayo. Aliyegongwa, au ndugu za marehemu, wasikubali kunyamazishwa kwa fedha kidogo kando ya njia kabla ya kujua gari lile lina bima ya kampuni gani. Ugomvi na kampuni ukishindikana, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa ili raia wapate kusikilizwa pasipo gharama kubwa ya kesi.

Hati ya bima huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Hilo lisiwe sababu ya kutoisoma. Mzazi asiyeifahamu na amwite mwanawe asomaye amfasirie, na mwanafunzi naye asione haya kumwuliza wakala maswali haya matatu: hati hii yamlipa nani, kwa hasara gani, na kwa matumizi gani ya gari? Ajuaye majibu ya maswali hayo kabla ya safari hatashangazwa na neno la kampuni baada ya ajali.