Nani anamwangalia ule mwenye kumwangalia koko?

GOMA – Saa nane ya usiku. Koko ameamka, amejifunga kitambaa, anatafuta ufunguo. Anasema anarudi kwake. Kwake ni wapi? Ni nyumba yenye lava ya Nyiragongo ilimeza mwezi wa kwanza 2002. Binti yake anamujibu: «Mama, ile nyumba haiko tena.» Koko analia kama vile ni leo njo anasikia habari hiyo. Kesho usiku, wanaanza upya.

Hatutaji mtu, lakini familia nyingi katika mji wetu zitajitambua. Majirani wanasema ni uzee tu. Wengine wanasema ni uchawi, na katika Kivu wazee wamekwisha kuuawa juu ya neno hilo. Hapana. Ni ugonjwa wa ubongo, demansi, na Alzheimer njo aina yake inayojulikana zaidi. Kulingana na OMS, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao duniani, wengi wao katika nchi zenye uwezo mdogo au wa katikati kama yetu.

Uingereza kuko wauguzi wanaoitwa Admiral Nurses. Kazi yao si mgonjwa peke yake: wanakaa na familia, wanasikiliza, wanafundisha namna ya kuishi na ugonjwa. Jina linatoka kwa Joseph Levy, mzee mwenye kupenda mashua, aliyepatwa na demansi. Jamaa zake walimwita «Admiral Joe».

Hapa Goma, kituo cha Tulizo Letu cha Mafrere de la Charité kinapokea wagonjwa wa akili. Lakini usiku, nyumbani, muuguzi ni binti, ni bibi wa kijana, ni mjukuu mwenye kuacha masomo.

Kwao tunasema mambo machache. Kama akili imevurugika kwa siku mbili tatu tu, mbio kwa muganga: inaweza kuwa malaria, maambukizo ya mkojo ao dawa fulani, na inatibika. Kama ni ya pole pole, musibishane naye. Koko akiomba nyumba yake, mumuulize: «Ilikuwa namna gani?» Ataeleza, atatulia. Chakula na usingizi viwe saa zile zile. Mushone jina na namba ya simu katika nguo yake, zaidi wakati wa kukimbia vita. Mwezi wa kwanza 2025 ulitufundisha namna watu wanapoteana.

Na yule binti? Naye anachoka, anakasirika, kisha anajihukumu. Kaka na dada wenye kutuma pesa peke yake, mukuje mulale hapo usiku moja kwa juma. Na vituo vya afya vya kartie, mufundishe hata muuguzi mmoja wa kupita nyumbani na kumuuliza kwanza: «Na wewe, mama, ulilala?»