Pedali ya wah-wah: mbele ya kutoa feza, fungua uone ndani

Mwezi uliopita, Jumapili jioni, rafiki yangu mmoja wa kazi alifika kwangu na kijana wake. Huyu baba tulishuka naye mugodini miaka 11 katika timu moja. Kampani ilipopunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa kwenye liste, na sasa nyumba yake inaishi na ile décompte final aliyopewa, kidogo kidogo, mpaka itaisha. Hakungojea hata kiti. Akaniambia: "Delege, weye unajua mambo ya gitari. Sema na huyu mutoto. Anataka nimupe dola 180 juu ya kitu ya kukanyaga na muguu!"

Kijana aliinamisha kichwa. Ana miaka 19, anapiga solo katika kwaya ya parokia, na watu wameanza kumwita kwenye ndoa. Nikamuuliza: "Unaitafuta juu ya nini?" Akajibu kwa sauti ya chini: "Papa, gitari yangu inapiga, lakini haisemi."

Nilimuelewa. Mimi pia nilipokuwa kijana nilikuwa na ile njaa. Nikaenda kutoa pedali yangu ya zamani katika sanduku, nikaiweka juu ya meza, nikachukua tournevis. Mambo tuliyosema ile jioni ninayaandika hapa kwa wazazi na vijana wengine, sababu katika kambi zetu kuko nyumba nyingi zenye gitari moja na feza kidogo.

Ilitoka wapi

Wah-wah ilizaliwa Marekani, huko California, mwaka 1966. Hakuna mutu aliyekuwa anatafuta sauti mpya. Walikuwa wanatafuta kupunguza bei. Kampani Thomas Organ ilikuwa inatengeneza ampli za Vox, na ndani ya zile ampli kulikuwa swichi ya bei kali ya kuchagua sauti ya katikati. Fundi mmoja, Brad Plunkett, alikuwa anajaribu kuiondoa na kuweka potansiometa, ndiyo kile kifungo cha kuzungusha kama cha radio. Alipozungusha, sauti ikaanza kulia kama mutu anayefungua na kufunga kinywa. Wakaiweka ndani ya pedali ya kinanda, na mupiga gitari Del Casher alikuwa kati ya watu wa kwanza kuijaribu.

Mwaka 1967 ikaingia sokoni na jina la Clyde McCoy, mupiga tarumbeta aliyejulikana kwa kuliza tarumbeta yake kwa kuifunika na kuifunua. Kisha likaja jina Cry Baby, maana yake mutoto wa kulia-lia, na jina hilo linajulikana mpaka leo. Jimi Hendrix aliipeleka mbali. Mwaka 1971 Charles Pitts aliipiga katika muziki wa filamu Shaft, wa Isaac Hayes. Kijana, utafute ule wimbo uusikilize vizuri. Mukono unakwangua nyuzi tu, na kazi kubwa inafanywa na muguu.

Ndani kuna nini

Nilipofungua kifuniko cha chini, baba alishangaa: "Dola 180, na ndani ni hii tu?" Ni hii tu: transista 2, rezistansi kumi hivi, kondansateri chache, potansiometa moja ya kilo-ohm 100, na bobini moja ndogo kama kifuniko cha chupa. Katika pedali nyingi za sasa wameongeza transista moja kwenye mulango wa kuingilia, ya kulinda sauti.

Nikamuonyesha ile bobini. Ndani yake kuko waya mwembamba wa shaba, umezungushwa mara mamia. Shaba, ndugu zangu. Baba akaigusa na kidole, akacheka kidogo: "Kumbe sisi tunaitosha chini kwa tani, inaturudilia kwa grama, na bei ni hii." Sikuongeza neno.

Kazi yake ni nyepesi kuelewa. Bobini na kondansateri moja vinachagua sehemu moja ya sauti na kuisukuma juu kuliko zingine. Ukikanyaga na vidole, ile sehemu inapanda kwenye sauti kali. Ukirudisha kisigino, inashuka kwenye sauti nzito. Katika pedali nyingi safari hiyo inatoka karibu hertz 400 mpaka karibu 2000. Ni mule mule sauti za a, e, o za kinywa cha mutu zinapita. Njo maana masikio yanadanganyika, tunasikia kama gitari inasema.

Kuchagua ya kununua

Pedali mbili zinazoonekana zaidi ni Cry Baby GCB-95 ya Dunlop na V847 ya Vox. Zote mbili zinafuata mupango ule ule wa miaka ya 1960. Kwa hiyo kijana asidanganywe kwamba jina au rangi fulani ndiyo itamufundisha kupiga. Ya okazio iliyo nzima inafanya kazi sawa na mupya, lakini usitoe feza mbele ya kuangalia haya.

Kwanza, leta gitari yako mwenyewe. Piga ukiwa umeingia moja kwa moja katika ampli, kisha piga ukipita katika pedali iliyozimwa. Kama sauti inakuwa nzito, kama mutu amefunika ampli na blanketi, ile pedali inakula sauti hata ikiwa imezimwa. Inatengenezeka, lakini bei ishuke.

Pili, kanyaga polepole toka kisigino mpaka vidole. Ukisikia "krr, krr", potansiometa ina vumbi au imechoka. Dawa ya kusafisha mawasiliano ya umeme, ile ya kupuliza, mara nyingi inamaliza shida. Ikirudi, badilisha potansiometa. Huo ni ugonjwa wa kawaida, muuzaji asikwambie ni sauti ya asili.

Tatu, swichi iko chini ya vidole, mwisho wa safari. Kanyaga kwa nguvu, usikie "tak". Tikisa sahani ya kukanyagia: isicheze kushoto na kulia.

Nne, omba ruhusa ufungue chini. Angalia kama pile ya zamani haikumwaga maji yake, kama kuko mahali peusi pameungua, kama hakuna waya unaoning'inia. Muuzaji akikataa kufungua, beba gitari yako urudi nyumbani.

Tano, umeme. Nyingi zinataka volti 9, na alama ya kutoa ikiwa katikati ya adaptata. Soma chini ya pedali, usiingize adaptata ya kitu kingine kwa kubahatisha. Kwa sisi wenye umeme wa kwenda na kurudi, pile ya volti 9 inatosha, sababu hii pedali inakula miliampere chache tu. Lakini ukimaliza kupiga, chomoa kamba ya gitari. Ikibaki ndani, pile inaendelea kufanya kazi usiku kucha bila malipo, na sisi watu wa sendika hatupendi kazi ya namna hiyo.

Kubadilisha: anza na kisicholipiwa

Vijana wengi wakinunua tu wanataka kutoa kila kitu ndani. Mimi nasema tuanze na ile isiyoomba feza. Ndani kuko fimbo ya plastiki yenye meno, ndiyo inazungusha potansiometa. Legeza kile kinachoishikilia, inua fimbo, zungusha gurudumu jino moja au mawili, rudisha. Safari ya sauti itahama, kuelekea nzito au kali. Vijana wengi wanaosema "hii pedali ni mubaya" wangesimama hapo tu.

Kisha swichi. Katika pedali nyingi za zamani swichi inakata mulango wa kutokea peke yake. Mulango wa kuingilia unabaki umefungwa na pedali, na njo vile sauti inaliwa. Ukiweka swichi ya miguu 6, milango yote miwili inakatwa, gitari inapita moja kwa moja. Lakini kama jaribio lile la kwanza limeonyesha kwamba sauti haibadiliki pedali ikizimwa, acha swichi yake, usikate kitu bure.

Baada ya hapo ndiyo rezistansi, na bei yake ni ya karanga. Ile ya kilo-ohm 33 iliyo kando ya bobini: ukiweka 47 au 68, kilio kinakuwa chembamba na cha kusema zaidi. Ile ya kilo-ohm 1.5: ukiweka 2.2, sauti ya katikati inanona. Katika Cry Baby kuko ya ohm 390: ukiweka 330 au 270, nguvu na bezi vinaongezeka. Na kondansateri ya mikrofaradi 0.01: ukiweka 0.015, safari yote inashuka chini, inapendeza kwa mwenye gitari ya sauti kali sana.

Badilisha kimoja tu, funga, piga siku mbili tatu, kisha ndiyo uguse kingine. Chora mahali kila waya ulikuwa mbele ya kuutoa. Kitu cha zamani kiweke katika kisanduku cha kiberiti, usikitupe. Mimi niliwahi kubadilisha vitu 4 kwa usiku mmoja. Asubuhi pedali haikulia tena, na sikujua kosa liko wapi. Tena chuma cha kusudiri kilikuwa moto sana, nikaungua njia ya shaba kwenye kibao. Nilitengeneza daraja kwa kipande cha waya, kale kadonda kako pale mpaka leo, kijana alikaona.

Na hapa nasema kama mutu wa usalama wa kazi. Bati la kusudiri, lile la zamani zaidi, lina risasi ndani. Usifanye ile kazi kwenye meza ya chakula wala karibu na watoto. Fungua dirisha, usivute ule moshi, nawa mikono mbele ya kula. Tunagombana na wakubwa kila mwezi juu ya vumbi na maski. Tusilete sumu ingine nyumbani kwa mikono yetu.

Muguu hauzidi mukono

Jambo la mwisho nililomuambia kijana ni hili. Mwaka 1952, hapa Likasi, wakati ikiitwa Jadotville, Hugh Tracey alirekodi Jean Bosco Mwenda. Gitari moja ya mbao, vidole viwili, bila ampli na bila pedali, na dunia ikasikia. Ile gitari ilikuwa inasema. Pedali inaongeza kinywa, lakini maneno yanatoka kwenye vidole. Ukikanyaga mwanzo wa seben mpaka mwisho, watu watachoka mbele yako. Kanyaga pale wimbo unapoomba, kisha zima.

Walitafuta wiki mbili. Walipata ya okazio, nzito, yenye "krr, krr", kwa dola 40. Dawa ya kusafisha na swichi vikafika dola 9. Kazi tuliifanya sisi wawili, nje, chini ya muembe, baba amekaa pembeni akituangalia kama anasimamia chantier. Katika ile dola 180 zilibaki 131, na sehemu kubwa imekwenda kwenye minerval ya dada yake mudogo.

Jumamosi iliyopita kijana alipiga kwenye ndoa moja ya kambi. Kulikuwa wimbo mumoja ambapo alikanyaga polepole, mara tatu tu, na mama mumoja karibu yangu akageuka kuangalia nani ameimba. Baba yake alinisogelea: "Delege, sasa inasema."

Walipatana kwamba kijana atarudisha zile dola 49 kwa feza ya ndoa, na waliniomba mimi niwe shahidi. Mpaka leo amelipa 15. Nimeandika katika kaye yangu, kwa tarehe, kama vile ninavyoandika deni la kampani.