Chipukizi wa Milimani na Hukumu za Jioni

Kandanda lina desturi moja ambayo haikuandikwa katika sheria zake 17: kipenga cha mwisho kikishalia uwanjani, mchezo wa pili huanza barazani. Huko hakuna refa wala dakika 90, na kila mshabiki ni mwalimu. Sisi wa visiwani twaijua sana desturi hiyo, maana baraza zetu, za Unguja na za Pemba, hazijapata kulala mapema siku ambayo timu imefungwa. Hivi karibuni tuliikuta pia katika milima ya Usambara, na tuliyoyasikia huko ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Tulikuwa wilayani Lushoto kwa shughuli nyingine kabisa. Msomaji ambaye hajapata kufika huko na afahamu kwamba ukiiacha njia kuu pale Mombo, barabara hupanda kwa kilomita 30 na ushei, ikijipinda ubavuni mwa milima na kupita Soni, hadi kwenye mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Baridi yake humfanya mtu wa pwani aulize bei ya koti kabla ya kuuliza bei ya chakula. Hata hivyo sisi si wageni kwa Wasambaa. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, akiwa Vugha, alieneza utawala wake hadi pwani inayotazamana na Pemba, na huko pwani ilimbidi agawane madaraka na Sultani wa Unguja. Na mshabiki yeyote wa makamo visiwani anawajua Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa mwaka 1988, ambao jina lao hilo la utani limetoka katika lugha za huko huko.

Katika milima hiyo ardhi tambarare ni adimu, na iliyopo ina kabichi, karoti au viazi. Kwa hiyo uwanja tuliopelekwa, katika kijiji kimoja cha njia ya Mlalo, ulikuwa umechongwa kwa majembe ubavuni mwa kilima. Upande mmoja una ukuta wa udongo mwekundu, na upande wa pili una bonde. Mpira ukitoka upande wa bonde, watoto watatu wana kazi maalumu ya kuukimbilia kabla haujafika mtoni. Siku hiyo vijana wa kijiji, wote wakiwa chini ya umri wa miaka 17, walipambana na wenzao wa kutoka mjini. Kufikia mapumziko walikuwa sare, bao moja kwa moja. Mchezo ulipokwisha, wenyeji walikuwa wamechapwa mabao matano kwa moja.

Bao la tatu lilipita chini ya tumbo la mlinda mlango. La nne lilimkuta ameliacha lango, hajui arudi au aendelee. Ni kijana wa miaka 15, mwenye mikono ambayo yaelekea ilikua usiku mmoja kabla ya mwili kupata habari. Tunakiri bayana kwamba sisi nasi, tuliokaa kitako juu ya benchi la wageni, tulikwisha kumhukumu kabla bao la tano halijaingia.

Jioni tulikaribishwa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha katika mgahawa mmoja, na baraza likafunguliwa. Waliletwa mmoja mmoja, kama washitakiwa wasiokuwapo mahakamani. Winga wa kushoto: ana mbio, lakini mwili hana, atavunjwa. Beki wa kati: huyu ni mwanamume, huyu apelekwe Tanga akajaribiwe Mkwakwani. Kiungo mwenye jezi kubwa kuliko yeye: anapenda chenga, hana faida. Alipofikiwa mlinda mlango, mzee mmoja muuza mapeasi alisema kwa ufupi, “Yule arudi shambani. Golini kuna watu wake.” Wengi wakacheka, na mjomba wa kijana, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akaweka kikombe chini akatoka.

Ndipo mmoja wa vijana, dereva wa bodaboda, alipoleta ushahidi mkubwa zaidi. “Wazee wangu, mnashangaa nini? Si tuliona mwaka 2019?” Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo nchi yetu ilikuwa mwenyeji wa fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17, na Serengeti Boys wakacheza nyumbani, Dar es Salaam. Walifunga mabao manne dhidi ya Nijeria wakafungwa matano. Wakafungwa matatu bila na Uganda. Wakafungwa manne kwa mawili na Angola. Michezo mitatu, pointi sifuri. Kwa bodaboda yule, na kwa wengi waliotikisa vichwa, huo ndio uliokuwa mwisho wa hoja: chipukizi wetu hawana kitu.

Sisi hatukuridhika na hoja hiyo, na twaomba radhi kwa wenyeji wetu kwamba siku ile, kwa kuchelea adabu ya ugeni, tulinyamaza. Laiti tungesema, tungewakumbusha mwaka 2017. Mwaka huo Serengeti Boys walikwenda Gabon. Walitoka sare na Mali, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa, wakaifunga Angola mabao mawili kwa moja, na katika mchezo wa mwisho walihitaji sare tu dhidi ya Niger ili waende nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa ndiyo tiketi ya Kombe la Dunia nchini India. Wakafungwa bao moja bila. Niger wakaenda India, na vijana wetu wakarudi nyumbani. Baraza za siku hizo zilisema yale yale tuliyoyasikia Lushoto: hawana mwili, hawana roho, wanaogopa siku kubwa.

Nahodha wa kikosi kile alikuwa Dickson Job. Miaka sita baadaye, mwaka 2023, beki huyo huyo alikuwa katika ngome ya Young Africans iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger ya Aljeria, ikaipoteza kwa kanuni ya mabao ya ugenini baada ya jumla kuwa mbili kwa mbili. Kibwana Shomari, mwenzake wa Gabon, naye akafika Young Africans. Na katika kikosi cha 2019, kile kilichomaliza bila pointi, alikuwamo Kelvin John, ambaye mwaka 2021 alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji. Mabao 12 yaliyoingia wavuni mwetu mwezi ule wa Aprili hayakumzuia.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Wengi wa wenzao hatuwasikii tena. Na huyo Kelvin John mwenyewe, kabla hajafikisha hata miaka 17, washabiki walikwisha kumpachika jina la Mbappe, jina la mtu aliyechukua Kombe la Dunia. Kumpa mtoto mzigo wa sifa za mtu mzima ni hukumu ya haraka vile vile, ila imepakwa asali. Beki wa kati wa Lushoto, yule aliyeambiwa ni mwanamume aende Mkwakwani, alisifiwa kwa ajili ya mabega yake. Hakuna aliyetaja kuwa kila alipopata mpira aliubutua bondeni.

Mtu aliyetufumbua macho alikuwa amekaa kimya muda wote wa baraza. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na watu wote, hata muuza mapeasi, humwita Mwalimu tu. Asubuhi ya pili tulikwenda kwake kumwamkia. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za visiwani, akatuonyesha kaunta buku lililofungwa kwa uzi wa katani. Humo ameandika vijana wa kijiji wanaocheza mpira, mwaka baada ya mwaka: jina, mguu autumiao, kimo kilichopimwa kwa penseli kwenye mhimili wa mlango kila muhula, na mwezi wa kuzaliwa kwa kauli ya mama yake.

“Kwa nini mwezi?” tukamwuliza.

“Ndugu yangu, yule beki mnayemsifu amezaliwa Januari. Golikipa wenu mnayemcheka amezaliwa Novemba, mwaka ule ule. Mmoja amekula ugali miezi kumi zaidi ya mwenziwe.”

Hilo ni neno la kutiliwa maanani na maofisa wetu wa michezo, Bara na Visiwani. Wataalamu katika nchi nyingi wameona kwamba timu za vijana huelekea kujaa wale waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, si kwa sababu Mwenyezi Mungu amewapendelea vipaji, bali kwa sababu mteuzi huona kimo akadhani ameona mpira. Na pale ambapo umri haukuandikwa kabisa, mambo huwa mabaya zaidi, maana mlango wa udanganyifu huachwa wazi. Hatujasahau kwamba mwaka 2005 Serengeti Boys, wakiwa wamekwisha kupata nafasi ya fainali za Afrika nchini Gambia, waliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nijeria, FIFA imeamua kuipiga picha mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Aibu iliyoje, kwamba mfupa wa mtoto uulizwe swali ambalo cheti cha kuzaliwa kilipaswa kulijibu!

Mwalimu ana kanuni nyingine. Siku ya mechi haandiki neno. Huandika siku ya tatu, hasira zikishatulia. Wala haandiki mabao. Huandika kijana alifanya nini baada ya kukosea. Alitufunulia ukurasa wa mlinda mlango, ambao ulikuwa bado mweupe kwa mchezo wa jana yake, akatusimulia atakachoandika: baada ya bao la nne, kijana aliokota mpira mwenyewe wavuni, akaupeleka mbio hadi katikati ya uwanja, na hadi kipenga cha mwisho sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwapanga mabeki. Sisi tulikuwapo, tulitazama kwa macho yetu mawili, na hatukuliona hilo. “Mikono yake bado haijamjua mwenyewe,” akasema. “Mpe miaka miwili.”

Tatizo ni kwamba miaka miwili huko milimani ni mingi. Safu ya mwisho katika daftari la Mwalimu inaitwa “Alipo”, nayo ndiyo iliyotutia simanzi. Jina baada ya jina, maneno ni yale yale: Dar es Salaam. Si kwamba wamekwenda kusajiliwa. Kila usiku malori ya mboga huteremka kwenda mjini, na juu ya kabichi hukaa vijana wanaokwenda kubeba magunia sokoni au kutembeza bidhaa mitaani. Kijana aliyeambiwa na wazee wa kijiji kizima kwamba hana kitu, hana sababu ya kusubiri kimo chake kitimie. Mjini hakuna anayemjua, wala hakuna anayemcheka kwa bao la tatu.

Tunasema haya tukijua kuwa kwetu visiwani si salama pia. Tunajivunia, na ni haki yetu, utaratibu wetu wa zamani wa kuwapanga vijana kwa rika katika Juvenile, Junior na Central, ambao umetuletea wachezaji wengi. Lakini ni klabu ngapi zenye daftari kama la Mwalimu yule? Kocha akihama, elimu yote juu ya vijana huhama naye kichwani. Tulionyesha mwezi wa Desemba 2017 kwamba twaweza kumpokea aliyeshindwa kwa heshima: Zanzibar Heroes walipoteza fainali ya CECAFA kwa Kenya huko Machakos, kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya mbili kwa mbili, na waliporudi tukawalaki kwa shangwe kana kwamba kombe wanalo. Hao walikuwa watu wazima wenye majina. Mtoto wa miaka 15 wa Makunduchi au Micheweni aliyefungwa matano siku ya Ijumaa hapokewi na mtu.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu maofisa wa michezo na wa elimu jambo dogo lisilohitaji fungu la bajeti. Shule inayopeleka watoto katika UMITASHUMTA na UMISSETA iandike, na kilichoandikwa kibaki shuleni mwalimu akihama. Walioachwa wakati wa uteuzi waandikwe pia, na waitwe tena mwaka unaofuata. Wanaosajili vizazi wawafuate wazazi vijijini badala ya kuwangoja mjini. Na huko Lushoto, tuliyekutana naye ofisini alituahidi kwamba ukuta ule wa udongo utasogezwa mita chache ili uwanja upanuke. Tunamshukuru, nasi tumeiandika ahadi hiyo pamoja na tarehe yake.

Siku tulipoondoka tulipita tena kwa Mwalimu kuaga. Mechi ya marudiano ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, safari hii katika uwanja wa mjini. Tukamwuliza nani atalinda lango. Akasema mjomba wa kijana alikuja usiku kumwambia kwamba mtoto ametafuta nafasi katika lori la karoti, na mwenye lori, aliyekuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, bado hajajibu. Kisha akavaa koti lake, akashika mkongojo, na kuelekea sokoni kumtafuta mwenye lori huyo.