MTOTO MWENYE USONJI: MZAZI NA MWALIMU WASAIDIANE



Je, unamjua mtoto asiyegeuka akiitwa jina lake, ingawa anasikia redio ikiwashwa? Anapanga vifuniko vya chupa kwenye mstari kutwa nzima, anaziba masikio mashine ya kusaga ikianza kunguruma, au anarudia maneno yako badala ya kuyajibu? Je, alianza kusema maneno machache kisha akayaacha? Huenda ana usonji, ambao wengine huuita otizimu.

Usonji ni nini?

Ni hali ambayo ubongo wa mtoto hukua kwa namna tofauti tangu mwanzo. Huona vigumu kuzungumza na kuelewana na watu. Hupenda mambo yaende kwa namna ileile kila siku. Mara nyingi dalili huonekana kabla ya miaka 3. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo hauko peke yako, uwe Lobule, Rhino Camp, Imvepi au katika vijiji vya Ayivu.

Usonji hauletwi na nini?

Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Chanjo pia haileti usonji. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza aliandika kwamba chanjo ya surua inahusika. Uchunguzi ulionyesha si kweli, na mwaka 2010 jarida lililochapisha makala yake liliifuta. Mtoto asiyechanjwa hubaki katika hatari ya surua, na surua inaua.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Usiuze mbuzi wala mgao wa chakula ili kulipa mtu anayeahidi kuuponya. Wala usimfunge mtoto kamba au kumfungia ndani.

Kwanza apimwe

Mpeleke kituo cha afya, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT. Mtoto asiyeitika huenda ana shida ya masikio. Akiwa na kifafa, kina dawa. Usiikatize bila kuambiwa na mhudumu wa afya. Ikihitajika, mtoto atatumwa mbele hadi Hospitali ya Rufaa ya Arua, yenye kitengo cha afya ya akili.

Lakini usikae ukingoja mtaalamu. Msaada mkubwa unaanza kwako.

Nyumbani

1. Chuchumaa mbele yake. Sema maneno machache: "Njoo. Tule." Kisha hesabu kimya hadi 10, umpe nafasi ya kujibu.
2. Mwonyeshe jambo linalofuata. Kabla ya kwenda bombani, mpe jerikeni ndogo ashike.
3. Cheza mchezo wake. Akipanga vifuniko, panga naye, mmoja wewe, mmoja yeye.
4. Akifanya vizuri, msifu papo hapo.
5. Akipiga kelele au kujigonga kichwa, tafuta sababu: njaa, jino, kelele, au mambo yamebadilika ghafla. Mpeleke mahali patulivu. Kumchapa hakumfundishi, kunamwongezea hofu.
6. Baadhi ya watoto hawa hutoroka. Waambie majirani jina lake na namna ya kumtuliza. Chunga barabara, mto na mashimo.

Endelea kusema naye lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Lingala au Kikakwa. Lugha nyingi hazileti usonji.

Darasani

Mwalimu, tunajua darasa lako limejaa. Mambo haya hayahitaji fedha:

- Mketishe mbele, mbali na mlango, karibu na mwenzake mpole.
- Chora ubaoni kazi za siku kwa mpangilio, ufute kila moja ikiisha.
- Toa agizo moja kwa wakati mmoja.
- Akichoka, mruhusu apumzike kidogo chini ya mti mnapoweza kumwona.
- Usiruhusu wenzake wamcheke. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria ya watoto ya Uganda ya mwaka 2016.

Mzazi na mwalimu wakubaliane

Hapa ndipo wengi wanakosea. Nyumbani mtoto huonyesha kikombe akitaka maji. Shuleni hakuna kikombe, naye hajui kunyoosha mkono. Kiu inamzidi, anapiga kelele, na watu wanasema ni mkaidi. Shida ni kwamba shuleni hakuna anayejua ishara yake.

Basi kutaneni na mkubaliane ishara tatu tu: ya maji, ya choo, na ya "nimechoka". Zitumieni zilezile nyumbani na shuleni. Mfundisheni pia kaka au dada anayempeleka shule. Kila wiki ambianeni jambo moja jipya aliloweza na jambo moja lililomsumbua. Akizizoea hizo tatu, ongezeni ya nne.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya namna hii kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3. Yamejaribiwa Ethiopia na Kenya pia. Wanaoyaongoza si lazima wawe madaktari. Hata bila mafunzo hayo, wazazi wachache wanaweza kukutana chini ya mwembe na kupeana mawazo.

Ana haki ya kusoma

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya shule ya msingi sawa na mwenyeji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu. Mtoto akikataliwa, nenda kwa kiongozi wa kijiji na ofisi ya ulinzi wa watoto kambini.

Usimfiche mtoto wako. Wiki hii mwambie VHT, kisha nenda ukaonane na mwalimu.