Tshibumba: aliyechora historia yetu, kisha akapotea



Juzi mwanafunzi mmoja wa historia aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. Alisema hivi: "Yaya, kwa nini tukisema mchoraji mkubwa aliyeteseka, jina linalokuja mdomoni ni Van Gogh tu? Kwetu hakuna?"

Yuko. Ila kwanza tumalizane na huyo Van Gogh, kwa sababu bila yeye hamtaelewa ninapotaka kufika.

Vincent van Gogh alizaliwa Uholanzi mwaka 1853, akafa Ufaransa mwezi wa saba 1890, akiwa na miaka 37. Wanamweka katika kundi la posti-impresionisti, maana yake wale waliokuja nyuma ya waimpresionisti, ambao hawakutosheka na kuchora mwanga tu jinsi jicho linavyouona. Walitaka rangi iseme kitu kilicho moyoni. Alianza kazi hiyo amechelewa, na katika miaka kama kumi alifanya tablo za rangi ya mafuta zaidi ya 800. Aliishi kwa feza alizotumiwa na mdogo wake Theo. Alilazwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akatoka, akaendelea kuchora. Tablo yake inayojulikana sana kwamba iliuzwa akiwa hai ilinunuliwa Bruxelles mwanzo wa 1890, na mchoraji wa kike wa Ubelgiji, Anna Boch.

Hapo nisimame kidogo. Bruxelles, mwanzo wa 1890. Miezi hiyo hiyo, katika muji huo huo, mataifa makubwa yalikuwa yamekaa kwenye mkutano wa kupinga biashara ya watumwa. Mwisho wa 1891 kapiteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa kwa kazi hiyo ya kupinga watumwa, akajenga ngome kando ya ziwa letu na kuipa jina la mtoto wa ukoo wa mfalme: Albertville. Yaani Kalemie. Tablo moja iliuzwa huko, na sisi tukapewa jina. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yameshikana. Ila mutu akisema Van Gogh ni wa dunia nyingine kabisa, nitamwambia hapana, ni wa miaka ile ile ambayo mambo yetu yalipangwa.

Bon. Sasa wetu.

Anaitwa Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katika jamaa ya Waluba wa Kasai waliokuwa wameshuka Katanga. Hakupita iniveresite. Alikuwa mchoraji wa mutaa: anachora, anabeba tablo mukononi, anatembea akitafuta mununuzi. Hakuwa na turubai ya duka. Yeye na wenzake wa wakati ule walichora mara nyingi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wanakivuta kwenye fremu ya mbao, wanakipaka rangi ya chini, halafu kazi inaanza.

Hapa ndipo anapoachana na Van Gogh, na watu wengi wanapakosea. Wanapenda kusema "Van Gogh wa Kongo", kama vile mateso yote ni mamoja. Van Gogh alikosa wanunuzi. Tshibumba hakuwakosa, aliuza. Katika miaka ya 1970, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi, nyumba ya mufanyakazi wa migodi au wa reli ilikuwa na tablo ukutani mwa saloo, juu ya viti, mahali mugeni anapoiona akiingia. Hazikununuliwa na Wazungu wengi hizo. Zilinunuliwa na baba zetu, kwa bei ya mufanyakazi. Ndiyo maana zilichakaa. Kitambaa cha unga hakiishi miaka mingi. Jua, mvua inayovuja, kuhamahama, vita. Tablo ikipasuka, mchoraji yupo mutaa wa pili, unaagiza nyingine inayofanana nayo.

Watu wa kule walikuwa na neno kwa ajili ya kazi hiyo: ukumbusho. Tablo haikuitwa nzuri kwa sababu inapendeza macho tu. Iliitwa nzuri kama inakumbusha, kama mugeni akiiona anaanza kuuliza na mwenye nyumba anaanza kueleza. Kulikuwa na za mambo ya mababu, kijiji na mto. Kulikuwa na Mamba Muntu, yule mwanamuke nusu samaki anayeleta utajiri na matatizo yake. Kulikuwa na za Waarabu wakipitisha watumwa, jambo ambalo sisi wa ziwa hatuhitaji kufundishwa, maana njia ya kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu. Na kulikuwa na ile iliyopendwa kuliko nyingi: Colonie belge.

Mkiiona Colonie belge ya Tshibumba hamtaisahau. Mutu amelazwa chini, nguo imeshushwa, polisi mweusi anamupiga fimbo. Muzungu amesimama pembeni anaangalia, hana haraka. Wafungwa wengine wanaendelea na kazi. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Rangi ni za kawaida kabisa, safi, bila giza, kama asubuhi yoyote ya kazi. Kwangu mimi hapo ndipo penye nguvu yake: hakuna anayeshangaa ndani ya tablo. Sasa jiulizeni, mutu wa 1973, utawala wa Wabelgiji umekwisha miaka 13, kwa nini atoe makuta yake kununua kipigo na kukitundika saloo? Naona jibu walilijua wote, na hawakulisema kwa sauti. Fimbo ilikuwa imebadilisha mukono, na kumwelekezea kidole Mobutu kulikuwa na hatari. Kumwelekezea Mubelgiji hakukuwa na shida.

Mwisho wa 1973, Tshibumba akafika kwa Mujerumani mmoja aliyekuwa anafundisha antropolojia kwenye iniveresite ya Lubumbashi, Johannes Fabian. Alifika kama kawaida yake, na tablo za kuuza. Wakaanza kuzungumza. Tshibumba akamweleza kwamba yeye si mchoraji wa mamba na mito tu, ni mchoraji wa historia, na kwamba anaweza kuichora historia yote ya nchi. Yote. Na akaichora. Katika muda wa mwaka mmoja hivi zikatoka tablo 101, kuanzia kabla Wazungu hawajafika, kupitia Msiri, wamisionari, koloni, uhuru, vita ya Katanga, mpaka Zaire ya wakati ule, na kisha akaendelea mbele, akachora mambo ambayo yalikuwa bado hayajatokea.

Kila alipoleta tablo, waliketi na mashini ya kurekodi, na yeye akasimulia. Kwa Kiswahili. Si Kifaransa cha shule, ingawa maneno aliyoandika juu ya tablo ni ya Kifaransa, na makosa yake ya maandishi. Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho profesa fulani akikisikia kwa mwanafunzi anamwambia "sema vizuri". Kwa Kiswahili hicho mutu alieleza miaka mia ya nchi.

Nitachukua mbili tu.

Ya kwanza ni ya 1941. Mwezi wa 12 mwaka ule, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Elisabethville, wakitaka mushahara unaolingana na bei za vita. Walikusanyika kwenye uwanja wa mupira. Gavana Maron akaja, askari wakafyatua risasi, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, akauawa pamoja na wengine wengi. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alichora kile wazee walichokuwa wakisimulia, na kwa miaka mingi masimulizi hayo yalikuwa na uzito kuliko kurasa za vitabu vya shule, ambavyo vilipita kimya.

Ya pili ni ya Lumumba. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa Katanga, si mbali na muji ambamo Tshibumba alikuwa kijana wa miaka kama 13. Katika tablo yake wamelala chini watu watatu, na nyuma, kwenye kilima, kuna misalaba mitatu. Yeyote aliyekaa katekisimu hahitaji maelezo. Yeye mwenyewe alipoulizwa hakuzungukazunguka: kwa mawazo yake, Lumumba alikuwa kwa nchi hii kile ambacho Yesu alikuwa.

Je, ni historia hiyo? Wanahistoria wa diplome wakizipitia tablo zake wanakuta tarehe zilizoteleza, matukio mawili yaliyounganishwa, watu waliowekwa mahali ambapo hawakuwa. Ni kweli, na tusimfunike. Mwanafunzi akiandika memwari yake kwa tarehe za Tshibumba atarudishiwa. Lakini alichokuwa anakitafuta kilikuwa kingine. Misalaba haikuwepo siku ile, na alijua kwamba haikuwepo. Aliiweka ili mwangaliaji aelewe kifo hicho kilikuwa cha namna gani. Kazi yake, kama alivyoieleza, ilikuwa kuwaza juu ya yaliyotokea, si kuyapiga picha. Na hapo, kumbe, anakutana tena na yule Van Gogh ambaye anga lake la usiku halifanani na anga lolote tunaloliona tukitoka nje.

Tukumbuke pia mchoraji huyu alikuwa Muluba wa Kasai katika Katanga. Miaka ya 1960 na 1961 watu wake walifukuzwa, maelfu wakakimbilia kambi ya wakimbizi hapo hapo Elisabethville. Na sisi wa kaskazini tulikuwa na yetu. Muji wetu ulikuwa kichwa cha jimbo la Nord-Katanga, na Jason Sendwe, prezida wa jimbo, aliuawa hapa Albertville mwezi wa sita 1964, wakati wa waasi. Wazee wengine wa Kalemie bado wanaweza kukuonyesha kwa mukono mahali mambo yalipopita. Nani aliichora hiyo? Mimi sijaiona tablo yake. Kama mutu wa kwetu aliichora, labda ilikuwa juu ya mufuko wa unga na ilikwisha oza.

Maana hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Van Gogh alipokufa, Theo naye alifuata miezi sita baadaye. Kazi yote, mamia ya tablo, ilibaki kwa mujane wa Theo, Johanna, mama kijana na mutoto wake mudogo. Angeweza kuzitupa. Alizihifadhi, akazipeleka kwenye maonyesho mwaka baada ya mwaka, akachapisha barua za Vincent kwa mdogo wake mwaka 1914. Yule mutoto mudogo, akiwa mzee, akawa nyuma ya jumba la Van Gogh lililofunguliwa Amsterdam mwaka 1973. Ndiyo, 1973. Mwaka uleule Tshibumba alipobisha hodi kwa Fabian.

Tshibumba hakuwa na Johanna. Ile series kubwa iliondoka nchini na Fabian, na leo iko Amsterdam, katika makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Tropenmuseum na sasa Wereldmuseum. Muji mmoja na Van Gogh. Nyingine zilikusanywa na watafiti kama Bogumil Jewsiewicki, na mwaka 1999 tablo za Lumumba, za Tshibumba na za wenzake, zilionyeshwa New York. Fabian alitoa kitabu chake mwaka 1996, Remembering the Present, chenye tablo zote 101 na maneno ya mchoraji yakiwa yametafsiriwa.

Mchoraji mwenyewe hakukiona kitabu hicho, kadiri tunavyojua. Mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zinakatika. Hakuna tarehe ya kifo, hakuna kaburi linalojulikana. Zaire ya wakati ule, baada ya vita mbili za Shaba za 1977 na 1978, mutu kupotea hakukuwa jambo la kushangaza, na wengi walijifunza kutouliza sana. Alikuwa na miaka 34 au 35 hivi, chini ya umri wa Van Gogh alipokufa.

Wengine watauliza kama ni wizi kwamba tablo ziko Ulaya. Mimi sisemi wizi. Fabian alinunua, na bila yeye tungekuwa na jina tu. Ila ni jambo chungu kwamba mutoto wa Kalemie anahitaji viza ili kuona historia iliyosimuliwa kwa lugha ya nyumbani kwake.

Kitu kimoja hakihitaji viza. Mazungumzo yale yaliyorekodiwa yaliandikwa neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile, na yako kwenye intaneti, katika mkusanyo unaoitwa Archives of Popular Swahili. Yanasomeka hata kwenye telefone. Mutu wa kwetu ataona maneno mengine ni ya Lubumbashi sana, atacheka kidogo, halafu baada ya kurasa mbili atasahau kwamba anasoma. Sauti inatoka tu: mutu anaeleza tablo yake, anasita, anajirekebisha, anaendelea.

Yule mwanafunzi nimemtumia linki. Ameniandikia usiku, saa tano, kuuliza kama babu yake wa Likasi anaweza kuwa alinunua moja.