Sanamu za Shaba na Lugha ya Utawala

Tangu zamani koo za Wakuria zimejitambulisha kwa wanyama wao, kama vile chui, tembo na pundamilia. Kwa hiyo mwananchi wa Kewanja hahitaji kufundishwa kwamba mnyama aweza kusimama badala ya watu. Linalohitaji uchambuzi ni hili: nani ameichagua ishara, na kwa faida ya nani?

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini Dar es Salaam sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi yaliyovunja upinzani wa Abushiri mwaka 1889. Wissmann yuko juu. Chini yake askari wa Kiafrika anamtazama, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Simba huyo ni nchi iliyotekwa, na mkono unaomfunika ni wa mwenyeji. Ndivyo mtawaliwa alivyofundishwa kuheshimu kushindwa kwake mwenyewe.

Ufundi wa kuyapa mawazo maumbo ya watu na wanyama ulistawi sana Ufaransa katika karne ya 19, na haukuwatumikia wakoloni peke yao. Jules Dalou, aliyeshiriki katika Komyuni ya Paris ya mwaka 1871 kisha akakimbilia London, alitengeneza "Ushindi wa Jamhuri", sanamu ya shaba iliyozinduliwa Paris mwaka 1899. Humo simba wako hai, wanavuta gari la Jamhuri. Uhuru ameshika mwenge. Kazi ni mhunzi mwenye nyundo. Hata hivyo, Jamhuri hiyo ilikuwa ikitawala makoloni Afrika, na watawaliwa wake hawamo katika msafara huo.

Waingereza waliiondoa sanamu ya Wissmann baada ya kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao walisimamisha Dar es Salaam Sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, ambao maelfu yao walikufa katika vita ile. Lakini anayesimama juu ni mwenye bunduki.

Basi kada anayesimama mbele ya sanamu yoyote, ya zamani au ya leo, aulize: nani yuko juu, nani yuko chini, na nani hayumo kabisa?